Siku nane za maji: Dunga, Mbita na Mfangano pamoja na Baba

Jumamosi: Nakuru hadi Kisumu

Sisi wa Nakuru ziwa letu ni la kutazama. Liko ndani ya mbuga, maji yake ni ya magadi, unalizunguka kwa gari, unaona flamingo na vifaru, unarudi nyumbani viatu vikavu. Pesa za likizo tukizipata tunazipeleka Mombasa. Na kumbe mwendo wa asubuhi moja tu kwa barabara kuna Nam Lolwe, ziwa ambalo dunia inaliita Victoria: kilomita za mraba zipatazo 68,800, na kipande cha Kenya ni kama asilimia 6 tu. Hicho kipande kidogo ndicho nilichotaka binti yangu akijue kabla hajaingia sekondari.

Nilitaka pia Baba akione tena. Ana miaka 76 na goti moja linamsumbua. Miaka ya 1970, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977, alikuwa karani wa mizigo kwenye meli ndogo zilizokuwa zikitoka Kisumu kwenda Kendu Bay, Homa Bay, Mbita na Mfangano. Nimekua nikiyasikia majina hayo kama watoto wengine wanavyosikia majina ya mashangazi. Meli zile ziliacha kwenda, naye akarudi nchi kavu, na safari aliyoniahidi nikiwa darasa la tatu haikufanyika. Mwezi wa Novemba nilimwambia: Baba, shule zikifungwa tunaenda. Akaniuliza swali moja tu, "Tutakuwa tunatoka saa ngapi asubuhi?"

Matatu ilitupitisha Mau Summit kwenye ukungu, ikatushusha kupitia mashamba ya chai ya Kericho, na kufika Awasi tukaanza kuvua masweta. Ahero, kwenye mpunga, Baba alifungua dirisha akanyamaza. Joto la tambarare ya Kano lina harufu yake, ya matope na moshi wa kuni, na yeye alikuwa hajainusa miaka mingi.

Jioni nilimpeleka binti yangu kwenye bwawa la hoteli, Milimani. Hatukufanya kuogelea. Tulifanya kuelea tu: kulala chali, masikio ndani ya maji, tumbo juu, kupumua. Nilimshika mgongo kwa kiganja, kisha kwa vidole viwili, kisha kwa kimoja. Kabla hatujaitwa chakula alikuwa akielea mwenyewe hadi nihesabu hamsini. Nashauri kila mzazi anayeleta mtoto ziwani aanzie hapo. Wengi wetu tunamfundisha mtoto kuogopa maji, tukidhani woga utamwokoa.

Jumapili: Dunga

Saa kumi na mbili kasoro robo tulikuwa ufukweni Dunga, pale pale Kisumu. Bado giza la kijivu. Akina mama walishafika na mabeseni na karai, wamekaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa, wanangoja. Mwanzoni wanaongea, halafu mashua ya kwanza ikitokea wananyamaza wote na kusimama.

Mashua za wavuvi hapa ni ndefu, za mbao, mdomo wa mbele umechongoka, ubavuni zimechorwa rangi na kuandikwa majina na mistari ya Biblia. Ile ya kwanza ilikuja kwa makasia. Vijana wanne, macho mekundu kwa usingizi. Chini kulikuwa na ngege (tilapia) wachache, mumi mmoja mwenye masharubu, na sangara wawili ambao Wajaluo wanawaita mbuta. Binti yangu aliinama kuangalia sangara mmoja aliyekuwa bado anafungua kinywa. Jicho lake lina mng'ao wa dhahabu, kama jicho la paka usiku. Baba alimweleza kwamba huyo ni mgeni humu. Aliletwa na watu miaka ya 1950, akakua, akawala samaki wadogo wa asili hadi wengine hawapatikani tena. Lakini pia ndiye aliyejenga viwanda. Minofu yake inapelekwa Ulaya, na kinachobaki kwa mwenye ziwa ni mifupa yenye nyama kidogo ya kung'ong'ona, ambayo Kisumu inaitwa mgongo wazi. Jambo hilo linaniuma kila nikiona mama akinunua mgongo wazi futi kumi tu kutoka kwenye maji aliyotoka huyo samaki.

Tulichukua boti ya vijana wanaotembeza wageni. Kabla hatujapanda, Baba alisimama pembeni, midomo ikitikisika. Namjua: alikuwa anahesabu. Watu watano, jaketi za kuokolea tano. Akatikisa kichwa kukubali, akavaa yake, akavuta kamba ya kiunoni ya mjukuu wake mpaka mtoto akalalamika.

Nje ya ufuko kuna ukuta wa mafunjo, marefu kuliko mtu, vichwa vyake kama mifagio laini. Nahodha alizima injini akatumia upondo. Ndani ya mafunjo kuna ndege mmoja ambaye watu hutoka ng'ambo kumtafuta, tumbo jekundu, utosi wa manjano, anaishi kwenye mafunjo tu. Yakikatwa yote hana pa kwenda. Tulimsikia mara tatu kabla hatujamwona kwa sekunde mbili. Mdiria wale weusi kwa weupe walikuwa wengi, wananing'inia hewani mahali pamoja, mabawa yakipiga, kisha wanajitupa kichwa chini kama jiwe.

Halafu nahodha aliinua mkono. Mbele yetu maji yalitoa mapovu, mstari wa mapovu unatembea. "Kiboko," alisema kwa sauti ya chini. "Yuko chini anapita. Tumwachie njia ya kwenda kwenye kina." Alitueleza kwamba watu wanaoumizwa mara nyingi ni wale waliojipenyeza katikati ya kiboko na maji marefu, au katikati ya mama na mtoto wake. Tulikaa kimya hadi kichwa kikatokea mbali, masikio mawili yakizunguka kurusha maji. Mtoto wangu alikuwa amenishika paja kwa nguvu zote, na hakusema kitu.

Ni pale, injini ikiwa imezimwa, Baba alipotoa somo lake.

"Unasikia upepo unatoka wapi?" alimuuliza mjukuu.

"Nyuma, Babu. Kutoka mjini."

"Huo ni wa nchi kavu. Usiku udongo unapoa upesi, ziwa linabaki na joto lake, kwa hiyo hewa baridi inateremka kufuata maji. Ndio unaowatoa wavuvi. Mchana jua linachoma udongo kuliko maji, upepo unageuka, unatoka ziwani kuja huku. Ndio unaowarudisha nyumbani. Katikati pana saa chache za utulivu, na hizo ndizo za mgeni. Upepo ukishageuka, mgeni awe amekaa chini ya mti anakula samaki."

Nahodha alicheka akamwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, akamuuliza kama alikuwa nahodha zamani. "Karani wa mizigo," Baba akajibu. "Meli ikiyumba, mizigo inakuja kwako kwanza."

Saa nne tulikuwa chini ya mti tunakula ngege: amekaangwa kwanza, kisha akapikwa kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu, na ugali wa mtama mweusi. Baba alianzia kichwani. Saa saba na dakika chache majani ya mwembe yalianza kupinduka, yakaonyesha upande wa chini. Upepo ulikuwa umegeuka.

Jumatatu: magugu

Siku hii tulikusudia kufika kisiwa cha Ndere, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 1986, kidogo sana, kilomita za mraba 4.2, chenye swala na nyani na hakuna msongamano wa magari ya watalii. Hatukufika, na nieleze kwa nini, maana huenda ikamsaidia mwingine.

Chakula cha asubuhi hotelini kilichelewa. Tulipofika ufukweni (sio Dunga, pahali pengine) ilikuwa saa nne imepita. Mwenye boti alituharakisha tupande na kundi jingine. Baba alihesabu: watu tisa, jaketi nne. Aliuliza nyingine ziko wapi, akaambiwa, "Mzee, ziko ofisini, na leo ziwa limelala." Baba hakugombana. Alishusha mguu mmoja, akashusha wa pili, akampa mjukuu mkono ashuke. Wale wengine walituangalia kama tunawachelewesha. Wawili wakashuka nao.

Baadaye, tukinywa chai, ndipo alipomtajia mtoto MV Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza, meli iliyobeba watu kupita kiasi ilipinduka na mamia wakafa. Baadhi ya mabaharia wa kule alikuwa akiwajua kwa sura, kutoka siku za kupakia pamoja. Alisema hayo kwa sentensi mbili, akamalizia chai yake.

Tulipata boti nyingine yenye jaketi kamili, tukakubaliana na nahodha twende karibu tu, tugeuke mapema. Tulipogeuka upepo ulishaanza, na upepo wa mchana unasukuma kila kitu kuja kwenye kona ya Kisumu, likiwamo gugu maji. Asubuhi njia ilikuwa wazi. Sasa palikuwa na uwanja wa kijani, umesukwa kama mkeka, na maua ya zambarau juu yake mazuri kiasi kwamba binti yangu alipiga makofi. Injini ilinguruma, ikakohoa, ikazimika.

Nahodha alipindua injini juu. Mizizi ilikuwa imejisokota kwenye propela kama nywele kwenye kitana, myeusi, inatiririka maji. Tuliing'oa kwa mikono, mimi na yeye, kisu kimoja tunapokezana. Ukikamata gugu moja mkononi unaelewa kwa nini halizami: kikonyo chake kimevimba kama kitunguu, na ukikikata ndani ni sponji tupu. Kwenye mizizi kulikuwa na konokono wadogo, kamba wa maji baridi, na kisamaki kimoja urefu wa ukucha. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, ukaonekana upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wameletwa mbawakavu wadogo wa kuula, zimeletwa mashine, watu wameung'oa kwa mikono. Hupungua, kisha hurudi, kwa sababu mito inaendelea kuleta mbolea ya mashambani na uchafu wa miji, na hicho ndicho chakula chake.

Ilituchukua karibu saa mbili kwa upondo na makasia kupita umbali ambao asubuhi tuliupita kwa dakika kumi. Hakuna aliyedhurika. Baba alikaa mbele akimwonyesha nahodha mianya ya maji, mkono kushoto, mkono kulia, na sijamwona na uso ule tangu astaafu.

Jumanne: feri ya Luanda Kotieno

Barabara ya Bondo, tukasimama Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyopandana ambayo jina lake ni jiwe la mke wa kwanza. Tulipiga picha, tukanunua ndizi, tukaondoka. Ndori tukakata kushoto hadi Luanda Kotieno.

Kama una gari, feri hii inakuokoa kuzunguka ghuba yote ya Winam kupitia Kisumu na Homa Bay. Hata kama huna, ipande. Ni chini ya saa moja, inabeba malori, ng'ombe, wanafunzi, magodoro. Kwa binti yangu hiyo ndiyo ilikuwa meli yake ya kwanza. Baba alipanda ngazi polepole hadi juu, akasimama karibu na chumba cha nahodha bila kuingia, mikono nyuma. Mfanyakazi mmoja wa feri, kijana, alimpisha akamwambia, "Karibu Mzee, shika chuma hapa." Pale kwenye mlango wa ghuba mkondo wa maji unaonekana kwa macho: mstari wa povu na rangi mbili za maji zinazosuguana, ya ghuba ikiwa ya tope, ya nje ikiwa ya bluu. Ghuba ni ya kina kifupi na mito inaimwagia udongo; ziwa lenyewe nje huko linashuka hadi mita 80 hivi.

Mbita tuliwakuta wavuvi wa omena, dagaa wa ziwa hili, wakikusanya paneli za sola mchangani.

Jumatano: Mfangano

Boti ya abiria ya kwenda Sena ilibeba mabati, kreti za soda, unga, kuku wawili na sisi. Baba alihesabu ishirini na mbili, akapata jaketi ishirini na mbili, moja ikiwa imepasuka zipu. Alimfunga mwenye ile ya zipu kwa kamba ya kiatu chake mwenyewe. Mama wa watu akamshukuru: "Erokamano, baba."

Asubuhi ziwa lilikuwa kama sahani. Tulipita visiwa vidogo na vizimba vya kufugia ngege, vile vya mapipa na nyavu ambavyo vimeongezeka sana miaka hii. Milima ya Gwassi ilikuwa upande wetu wa kushoto, na Mfangano mbele, mlima unaotoka majini moja kwa moja.

Watu wa hapa ni Abasuba. Wazee wao walikuja kwa mitumbwi kutoka upande wa Uganda, na lugha yao ni ya Kibantu kama Kiswahili, ingawa watoto wengi sasa wanaongea Kijaluo. Kwenye jumba la makumbusho la Abasuba, kando ya maji, Baba alikaa na mzee mwenzake kwenye benchi, goti limemkatalia kupanda. Sisi wawili na kiongozi tukaanza kupanda kwenda Kwitone.

Mlima unakupima. Mawe, miiba, jua mgongoni. Halafu unafika chini ya mwamba uliojiinamia kama paa, na ubaridi unakupiga usoni. Michoro iko pale juu ya kichwa: miduara ndani ya miduara, nyekundu na nyeupe, mingine ina miale kama jua linalochomoza. Hakuna mnyama, hakuna mtu. Watafiti wanasema ilichorwa na wawindaji wa kale, Watwa, kabla Abasuba hawajafika, na walipofika waliiheshimu wakaitumia mahali hapo kuombea mvua. Kiongozi alituomba tusiguse, maana jasho la kidole linakula rangi. Binti yangu aliweka mikono yake mfukoni kabisa ili asisahau.

Aliuliza, "Hii ni jua au ni maji ukirusha jiwe?"

Kiongozi alifikiri. "Waliochora hawakutuachia jibu. Mimi nikiwa mdogo niliona maji."

Tulikaa pale muda mrefu. Chini, ziwa lilianza kubadilika. Mabaka meusi ya upepo yalikuwa yanatembea juu yake kutoka magharibi. Hatukurudi Mbita siku hiyo. Tulilala Sena, kwenye chumba chenye neti nzima na taa ya sola, na mwenye nyumba alitupikia fulu, samaki wadogo wa kukausha, na mrenda.

Usiku ndipo nilipomwamsha mtoto. Lilikuwa giza la mwezi, na giza ndilo wavuvi wa omena wanalolitaka. Tulitoka nje na blanketi. Ziwa lote mbele yetu lilikuwa limewaka, taa mamia, zimejipanga hadi upeo. Akasema, "Mama, ule ni mji gani?"

Baba ndiye aliyejibu. Alieleza taa zinavyowekwa juu ya chelezo kidogo, zamani karabai za mafuta ya taa zilizovuma "shhh" usiku kucha, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Omena wanafuata mwanga, wanajikusanya chini ya taa, na wavuvi wanauzungusha wavu taratibu wasiwashtue. Alisema meli yao ilipokuwa ikichelewa usiku, nahodha alikuwa akipunguza mwendo kwenye taa hizo hadi kutambaa, asije akawakatia watu nyavu.

Alhamisi: Takawiri

Alfajiri kulikuwa na moshi ziwani. Nguzo nyeusi, nene, inayopanda angani na kuinama. Nilidhani chombo kinawaka. "Wadudu," Baba alisema. Ni mbu wadogo wa ziwa wasiouma, wanaoishi chini kwenye tope wakiwa mabuu na kupanda wote pamoja kwa mamilioni. Upepo ulileta ukingo wa wingu lile hadi kwetu. Tulifunga midomo na macho, tukasikia mvua laini isiyolowesha, na ilipopita mikono yetu ilikuwa na vumbi la kijani linalotambaa. Mbayuwayu walikuwa wameingia ndani ya wingu midomo wazi.

Takawiri ni kisiwa kidogo chenye mchanga mweupe kuliko ninavyoweza kueleza kwa mtu wa Nakuru. Hapo ndipo mtoto aliingia ziwani. Nataka kusema hili bila kuficha: ziwa lina kichocho. Kinatoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji yaliyotulia, yenye majani, karibu na ufuko ambako watu wanaoga na kufua. Kwa hiyo tulimwuliza nahodha na mwenye kisiwa, tukaenda upande ulio wazi kwa mawimbi, usio na majani, ambako pia hawajaona mamba wala kiboko. Tukaingia kutoka kwenye boti badala ya kutembea ufukweni. Tukatoka baada ya dakika kumi na kujifuta kwa taulo kwa nguvu. Na nimeandika kwenye kalenda, majuma manane baada ya leo, tukapime sote wawili. Dawa ipo na inaponya. Wengine watasema bora usiingie kabisa, na sina ugomvi nao.

Lakini nilimwona mwanangu analala chali juu ya Nam Lolwe. Jaketi lilimwinua mabega, masikio yako majini, macho kwenye mawingu. Mawimbi madogo yalimpandisha na kumshusha. Nilikuwa pembeni yake, mkono wangu uko chini ya mgongo wake bila kumgusa. Baba alikuwa ameketi kwenye ubao wa boti, suruali imekunjwa hadi magotini, anahesabu kwa sauti. Alifika mia mbili na arobaini kabla mtoto hajacheka akanywa maji.

Tulitoka saa tano na nusu. Saa tisa, tukiwa tumeshaketi Mbita, mvua ya radi iliifuta Takawiri machoni petu.

Ijumaa: Rusinga

Siku ya nchi kavu kwa ajili ya goti. Rusinga sasa unavuka kwa daraja. Kabla yake kulikuwa na tuta la udongo na mawe lililoziba mkondo, na wavuvi walilalamika miaka mingi kuwa maji ya ghuba yamekufa pumzi. Sasa mashua zinapita chini. Nilisimama darajani nikazitazama nne zikipita, na hiyo peke yake ilinitosha.

Tulifika kaburi la Tom Mboya, aliyekuwa waziri wa Kenya, huko Kasawanga, jengo lenye umbo la risasi. Alizaliwa 1930, akapigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Baba alikuwa kijana wakati huo na alivua kofia kabla hatujafika mlangoni. Kwenye kisiwa hiki pia Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948, kiumbe wa kale wa jamii ya sokwe, wa miaka milioni 18 hivi iliyopita. Mtoto alikuwa amechoka, akataka soda. Jioni tulitazama akina mama wakianua omena kwenye nyavu zilizotandazwa ufukweni, fedha tupu, na yangeyange wakiiba pembeni.

Jumamosi: Homa Bay na Kendu Bay

Matatu ya asubuhi. Homa Bay tulipita tu. Karibu na Kendu Bay tulishuka kuona Simbi, ziwa la duara la magadi, lisilo na mto, lenye flamingo. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na kijiji. Bibi kizee alikuja usiku wa mvua akiomba joto la moto, waliokuwa kwenye pombe wakamfukuza, mwanamke mmoja tu akampokea. Bibi akamwambia yeye na watu wa nyumba yake watoke. Wengine wako chini ya maji. Binti yangu alisogea nyuma hatua mbili kutoka ukingoni.

Gati la Kendu Bay ndilo Baba aliliacha liwe la mwisho. Alitembea juu yake peke yake hadi mwisho, polepole, akagusa chuma cha kufungia kamba. Tulimwacha. Aliporudi alimwonyesha mjukuu wake mahali mizani ilipokuwa, mahali mama mmoja alipokuwa akiuza mandazi, na upande meli ilipojitokeza.

Ilikuwa saa saba na robo. Mtoto alilowesha kidole akakiinua.

"Umegeuka, Babu. Unatoka ziwani."

"Tangu lini?"

"Sasa hivi."

Mbali kidogo mtumbwi ulikuwa unakuja, tanga limejaa, umelala upande mmoja. Mtoto aliweka kiganja juu ya macho, midomo yake ikaanza kutikisika.

"Watu sita."

"Na jaketi?"

Alitazama sana. "Sioni hata moja."

Matatu ya Katito ilikuwa inapiga honi barabarani, kondakta anatuita. Baba hakugeuka, na mimi sikumharakisha. Tulisimama watatu mwisho wa gati hadi tanga likashushwa, mtumbwi ukagusa matope, na wa sita akaruka chini, maji yakamfika magotini.